Mano Ni Mkono

Siku Job alipoacha mashine ya kusaga mchana kweupe na kuja mbio, unga ukiwa bado kwenye kope zake, Rispa alijua kuna aliyekufa au kuna neno la shule. Alikuwa kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, hapo Rodi Kopany, akishona kola za sare.

“Nyar Lambwe,” Job akasema. Ndivyo alivyomwita mkewe, binti wa Lambwe, tangu alipomtoa kwao bondeni. “Zima cherehani kwanza.”

“Cherehani ya mguu haizimwi, Baba Lorine. Hii si dizeli. Sema.”

“Mwalimu Javan alikuja kusaga.”

“Si ungemsagia?”

“Amenisaga mimi.”

Javan alikuwa naibu wa mwalimu mkuu katika Akademia ya Upeo, mtu wa suti ya kijivu hata jua likiwaka namna gani. Alisimama mbele ya wanawake waliopanga foleni na madebe yao ya mahindi, akangoja injini ipunguze kelele, ndipo akatangaza kwamba Lorine, binti yao wa darasa la pili, ameshikwa na diski mara ya tatu muhula ule kwa kuongea kilugha. Sheria ilijulikana. Ijumaa asubuhi mzazi asimame kwenye paredi, mbele ya watoto wote, aombe radhi kwa Kiingereza. Asipofika, mtoto abaki kwao.

“Na kwa kuwa shule ni ya mama kupeleka na mama kuchukua, anataka usimame wewe,” Job akasema. “Akaniuliza kama kwangu tunaongea au tunabweka.”

“Wale wanawake wakacheka?”

“Mmoja.”

“Nani?”

“Jina lake halitatusaidia.”

“Litanisaidia mimi. Nguo zake ziko hapa.”

Aliyesoma zama za misheni anaukumbuka mfupa. Ulikuwa mfupa wa taya la ng’ombe, umefungwa kamba, akavishwa mtoto aliyethubutu kuyaita maji kwa jina alilofundishwa na mamake. Aliyevaa alishinda akinyemelea wenzake kama askari kanzu, amtafute mwenye kosa lile lile ili naye amvishe, na aliyekutwa nao kengele ya jioni ikilia ndiye aliyechapwa. Kisha bendera ikateremshwa, ikapandishwa nyingine, watu wakaimba hadi koo zikakauka, na mfupa haukuguswa na mtu. Katika Akademia ya Upeo, mwaka ule wa tisini na sita, ulikuwa umegeuka diski: mfuniko wa mkebe wa rangi wenye tundu na kamba ya katani, umeandikwa PUNDA kwa wekundu. Waliouandika hawakuwa Wazungu. Walikuwa watu wa hapa hapa, waliokwisha kuuvaa wenyewe.

Lorine alifika saa kumi, viganja amevificha kwapani. Rispa akavitoa, akaviona, akavipuliza.

“Ulisema nini, nyathina, mwanangu?”

“Sikusema kilugha, Mama. Nilisema Kihispania.”

Hapo Job akaketi juu ya bunda la vitambaa bila kuombwa.

Kihispania chenyewe kilikuwa na miezi mitatu tu. Madam Metrine, mwenye shule, alikuwa amekuja Januari kutoka Kakamega, akanunua majengo na jina, akakuta akademia ya kule Ndhiwa imeandika kwenye kibao chake kwamba inafundisha Kifaransa. Madam hakulala. Wiki ya pili kibao cha Upeo kikasomeka: HAPA WATOTO WANASOMA KIHISPANIA TANGU CHEKECHEA. Wazazi wa Rodi hawakumjua Mhispania hata mmoja, ila walijua kwamba Ndhiwa imepigwa bao. Mwalimu akapatikana, kijana Mkuria aitwaye Werema, aliyekaa seminari kwa mapadre wa Kihispania mpaka wito ukamwishia.

Werema hakujua Dholuo, yaani Kijaluo, hata ya kununulia ndizi. Siku ya kwanza darasani aliinua mkono wake juu, vidole vyote vitano, akasema kwa furaha, “Mano!”

Mano, kwa Kihispania, ni mkono. Kwa Dholuo, mano ni “huo ni.” Watoto wakangoja amalize. Hakumaliza. Akautikisa mkono. “Mano!” Wakamwonea huruma, wakamsaidia kwa sauti moja: “Mano lwedo!” Huo ni mkono. Werema akadhani ni shangwe, akawapigia makofi.

“Wahispania wanaongea kama sisi, Mama,” Lorine akaeleza, “ila wanachoka kabla ya kumaliza.”

Leo kwenye mapumziko walikuwa wakicheza kupigana makofi ya viganja. Mwenzake alipokawia, Lorine aliuinua mkono wake akamwambia, “Mano! Mano!” Kiranja akasikia. Wakamvisha mfuniko, na jioni wakauchapa ule ule mkono alioutaja.

Rispa alirudi kwenye cherehani yake, akashona kola nzima bila kusema. Job alimjua mkewe. Akiongea, hakuna shida.

*

Jumatano jioni Job aliandika sentensi kwenye kiganja chake kwa kalamu ya biki, jinsi Javan alivyomtajia. Akasimama katikati ya nyumba kama mhubiri.

“Rudia baada yangu. Ai em sori.”

“Ai em sori,” Rispa akasema, huku akimenya viazi.

“Mai chaild has no manas.”

“Hiyo manas ni nini?”

“Adabu. Mtoto wangu hana adabu.”

Kisu kikasimama. Lakini aliyeruka ni Lorine, kutoka kwenye mkeka, mikono yote miwili juu.

“Baba! Ninayo! Manos ni mikono! Hii hapa!”

Job alijaribu kukaza uso. Akaukaza, ukamponyoka, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kiganja kile, sentensi ya Javan ikamwachia wino shavuni. Rispa naye alicheka, kwa muda. Kisha akauliza, “Wewe ungeyasema hayo? Kwa mdomo huo unaonilia chakula?”

“Ningesema. Maneno ni upepo. Nikimaliza narudi kusaga.”

“Na yeye akisikia mamake anasema hana adabu?”

“Nyar Lambwe, sikiliza. Sare unazoshona ni za nani? Za Madam. Karo ya mtoto inakatwa wapi? Kwenye sare. Ukigombana na Javan, tutakula sindano? Shule ya serikali ina watoto wangapi kwenye dawati moja? Mimi sisemi ana haki. Nasema ana rungu.”

Yote yalikuwa kweli. Hiyo ndiyo hasara ya kubishana na mtu mwema; huna pa kumshikia. Rispa alichota maji, akaosha viazi, akaosha kiganja cha mumewe kwa sabuni mpaka kikawa cheupe.

“Sasa nitasoma wapi?” Job akauliza.

“Ndiyo maana nimeosha.”

*

Werema alikuwa amepanga chumba nyuma ya soko. Alhamisi, kabla jua halijashuka, Rispa alimkuta mlangoni amechuchumaa mbele ya jiko, akikaanga omena, dagaa wa ziwani, na kukohoa.

“Hodi, Mwalimu.”

“Karibu, Mama Lorine.” Akasimama, kijiko mkononi kama mtuhumiwa.

“Hizo omena umeziosha mara ngapi?”

“Mara moja.”

“Basi unakaanga ufuo. Lete.” Akaketi kwenye kigoda, akaipua sufuria, akamwaga omena kwenye beseni lenye maji, akaanza kuzisuuza upya. “Kwenu ni watu wa ng’ombe, hatutakulaumu. Mwalimu, nina swali moja. Mano ni nini?”

Werema akatazama pande zote. “Mkono.”

“Unajua mtoto amechapwa?”

“Nimesikia chumba cha walimu.” Akageuza kijiko mkononi. “Mama, kusema kweli ndiyo nimejua juzi kwamba lina maana kwenu. Nilipomweleza Mwalimu Javan, alinijibu kwamba kama Kihispania kinafanana na Kijaluo, kosa ni la Kihispania.”

“Ukanyamaza.”

“Nikanyamaza. Kazi nimeipata juzi tu. Nyumbani wanasema tayari nimeshindwa na Mungu, sijui nitawaambia nimeshindwa na nani tena.”

Rispa akacheka, japo hakupenda. Akamwaga maji ya mchanga, akatia mengine.

“Wewe hukuvishwa kitu ulipokuwa mdogo? Kule kwenu Kuria?”

“Nilivishwa. Sisi ilikuwa gunia. Lenye shimo la kichwa.” Akatazama makaa. “Nilikuwa nimemwita ndugu yangu chakula kimeiva.”

“Basi sikiliza, Mwalimu. Sijaja kukuomba ufe. Kesho asubuhi kabla ya paredi nitaingia ofisini kwa Madam, na nitakuomba useme mkono unaitwaje. Mkono tu. Hata mlevi anaweza.”

Werema akainama kuupepea moto. Rispa akazikaanga zile omena, akamkatia nyanya, akamwachia sufuria inayonukia mpaka jirani akachungulia. Akaondoka bila kujua kama amepika chakula cha shahidi au cha mwoga.

*

Ijumaa Job alivaa koti lake la harusi. Lilikuwa limembana kwapani, kwa hiyo alisimama mbele ya meza ya Madam Metrine na mikono imeachana kidogo na mwili, kama jogoo kwenye mvua. Rispa akasimama kando yake. Lorine katikati, na Javan alikuwa amemvisha tena ule mfuniko ili kesi ionekane. Nje paredi ilikuwa inajipanga. Kelele za watoto ziliingia dirishani.

“Mama Lorine, wewe nakuheshimu,” Madam Metrine akasema. Hakuwa mama mbaya. Alikuwa mama mwenye mkopo. “Sare zako zinasifiwa. Lakini sheria ni sheria. Umejifunza ile sentensi?”

“Nimejifunza, Madam. Ila haihusu mtoto wangu. Mtoto wangu alisema somo ulilolitundika kwenye kibao cha barabarani.”

“Alisema kilugha,” Javan akasema.

“Alisema mano.”

“Na mano ni kilugha! Mimi ni Mjaluo, Madam. Mtu wa kunifundisha Kijaluo hajazaliwa.”

“Muulizwe mwalimu wa Kihispania,” Rispa akasema. “Si yuko?”

Werema aliitwa. Aliingia akasimama karibu na mlango, jinsi wanavyosimama watu ambao bado hawajaamua. Madam akamuuliza. Werema akamtazama Javan, akautazama mfuniko kifuani mwa mtoto, akausoma. Kisha akainua mkono wake juu, vidole vitano, kama darasani.

“Mano, Madam. Hii.”

Job akapumua, na koti likalia mahali.

“Haiwezekani,” Javan akasema. “Basi neno hilo lipigwe marufuku.”

“Na meza?” Werema akauliza. Sauti yake ilikuwa imeshatoka nje, haikuweza kurudi. “Meza kwa Kihispania ni mesa. Kwa Dholuo pia ni mesa, nimewasikia watoto. Watachapwa wakitaja meza?”

“Kiranja alisikia! Mtoto alilisema Kijaluo!”

“Kijaluo kivipi?” Rispa akauliza. “Neno ni moja. Au lilitoka na harufu ya samaki?”

Madam akauma mdomo asicheke. Javan akaliona tabasamu lake. Mtu aliyezoea kuogopwa anaweza kuvumilia matusi. Tabasamu la bosi wake hakulivumilia. Damu ikampanda, na damu ikimpanda mtu haiendi kwenye lugha ya shule, inaenda alikozaliwa.

“Mano miriambo!” akafoka, akapiga meza.

Maana yake, “Huo ni uongo!” Dholuo tupu, ya uani kwa nyanya, haina hata chembe ya chaki.

Lorine akavua kamba shingoni. Si kwamba alikuwa mtundu. Alikuwa mtoto anayeijua sheria, na sheria ilisema mwenye diski amkabidhi anayefuata kukosea. Akaushika mfuniko kwa mikono miwili, kwa heshima anayopewa mtu mzima, akaunyosha kuelekea kwenye suti ya kijivu.

“Mwalimu, chukua. Sasa ni wewe.”

“Amesema nini?” Madam akauliza. Miezi yote aliyokaa Rodi, yeye alijua Dholuo ya salamu na ya bei ya kuku tu. “Mwalimu Javan, hiyo ilikuwa ni kilugha?”

Job akatazama sakafu. Rispa alikuwa na jibu kwenye ncha ya ulimi, tamu kama asali ya Lambwe, na alikuwa amefungua mdomo tayari, Werema alipomtangulia.

“Hapana, Madam,” Werema akasema, uso mkavu kama wa padre. “Ni Kihispania. Amekisema vizuri sana.”

Rispa akafunga mdomo. Alichelewa kidogo kuelewa, kisha akaelewa yote kwa mpigo, na ilibidi amshike mumewe mkono asicheke. Kijana huyu wa omena zenye mchanga alikuwa amemfungulia Javan mlango wa kutokea, na mlango ulikuwa mmoja tu. Akisema ni Kijaluo, avae. Akisema ni Kihispania, mtoto hana kosa.

“Ni kweli, Mwalimu Javan?” Madam akauliza.

Javan alitazama mfuniko. Neno lile jekundu lilimtazama. Huenda aliikumbuka siku yake mwenyewe, kwa sababu mkono ulimwenda shingoni bila kutumwa, ukalegeza tai.

“Ni Kihispania,” akasema.

“Na mano ni nini, Mwalimu?” Rispa akauliza polepole, kama asiyejua.

“…Mkono.”

“Alichosema mtoto?”

“Alichosema mtoto, Mama Lorine. Yatosha.”

Lakini Madam Metrine alikuwa ameshasimama, uso umemng’aa. “Mwalimu Javan! Kumbe unajifunza kimya kimya! Ndhiwa naibu wao anaweza hata bonjour? Hebu, yote pamoja maana yake ni nini, hiyo mano… mano nini?”

Javan akamgeukia Werema kama mtu anayezama anavyougeukia ukingo.

“Ni salamu, Madam,” Werema akasema. “Mkono wa urafiki.”

“Vizuri kabisa! Twende paredi. Wasikie watoto.”

*

Watoto walikuwa wamejipanga kwa madarasa, wadogo mbele. Wazazi kadhaa walisimama kwenye ua. Habari ya mama atakayeomba radhi ilikuwa imefika sokoni, na yule mwanamke aliyecheka kwenye foleni ya kusaga alikuwa amekuja mapema, akapata mahali pazuri.

Madam Metrine alipanda ngazi ya kwanza ya ofisi. Alisema kesi ya Lorine imekwisha, mtoto ana haki yake, arudi mstarini. Lorine akaenda mbio bila kitu shingoni. Madam akasema kwamba wengine wanadhani Kihispania cha Upeo ni cha kibaoni tu, na leo watajionea.

“Katika shule hii,” akapaza sauti, “kila mtoto anapendwa sawa na mwingine, na hakuna anayeonewa! Mwalimu Javan, wasalimie.”

Javan alisogea mbele. Alikohoa. Alitazama juu ya vichwa vya watoto wale, watoto wa Rodi, wa Dholuo ya kunyonyea, na kila kichwa kilikuwa kimetulia. Hakukuwa na pa kupita.

“Mano miriambo,” akasema.

“Kwa sauti, Mwalimu!”

“Mano miriambo!”

Kulikuwa na kimya cha kuhesabu jogoo wa mbali. Midomo ya darasa la nane ilikuwa imekazwa, mabega yanacheza. Ndipo Werema, aliyesimama pembeni, akainua mkono wake juu, vidole vitano, ishara ile ile ya darasani: rudieni baada ya mwalimu. Na watoto hawakuhitaji kuambiwa mara mbili, kwa kuwa hawakuwahi kuruhusiwa hata mara moja.

“MANO MIRIAMBO!”

Kunguru wakaruka kutoka kwenye paa la chekechea. Madam akapiga makofi. “Mnaona? Tena! Na diski yetu ipo kwa faida yenu wenyewe!”

“MANO MIRIAMBO!”

“Na walimu wenu hawajawahi kukosea!”

“MANO MIRIAMBO!”

Sasa hata Javan alikuwa ameanza kulegea pembe za mdomo; mtu hawezi kuisikia lugha ya mamake kwa wingi kiasi kile akabaki jiwe. Yule mwanamke wa foleni alikuwa ameshika mti, hoi, machozi yanamtiririka.

“Na wazazi!” Madam akaita kwa shangwe. “Mama Lorine, wewe ndiye ulikuwa uzungumze leo. Njoo mbele, zungumza!”

Rispa akapanda ngazi. Mahali pale pale alipopangiwa kusema kwamba mtoto wake hana adabu, aliweka miguu yake vizuri, kama anavyoiweka kwenye cherehani kabla ya mshono mrefu. Akamtafuta Lorine mstarini, akamwona, akavuta pumzi.

“Walisema watoto wetu ni punda,” akasema kwa Kiswahili, akageukia paredi, akainua mkono.

Walimjibu wote, wadogo kwa wakubwa. Na nyuma yao, kwenye ua, koti la harusi lilipasuka kwapani, kwa sababu Job naye alikuwa ameinua mkono. Na Job, aliyezoea kushindana na injini ya dizeli, alisikika hadi sokoni.